Jiwe Lililoanza Darasa la Kwanza

Ipo nchi moja, si hii yetu, kwa hiyo kaa kwa raha zako, ambayo serikali yake iliwapenda watoto kupita kiasi. Mapenzi hayo yaliandikwa kwenye mabango kila pembe ya barabara: KILA MTOTO DARASANI. Mabango yalikuwa makubwa, ya chuma kizuri. Wapo waliosema chini chini kwamba chuma kile kingetosha kuezeka madarasa ya mkoa mzima. Lakini watu hao walikuwa hawajui uongozi, maana bila mabango mwananchi angejuaje kwamba mtoto wake yuko darasani?

Katika nchi hiyo umri wa mtoto haukuhesabiwa kwa miaka. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kughushiwa, lakini sikio ni sikio. Mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya utosi akajaribu kugusa sikio la kushoto. Asipolifikia, bado mdogo, arudi kwao akakue. Akiligusa juu, amekomaa kuanza shule. Akilipita mpaka akaishika ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, basi amezeeka, na serikali ilimpa pole. Zamani watu walitumia kipimo hiki kwa sababu vyeti havikuwepo. Nchi ile ilipata vyeti, ikaviweka kabatini, ikaunda Kurugenzi ya Taifa ya Masikio, yenye mkurugenzi, naibu wake, magari, na semina ya kila mwaka kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Fundi Kombo, mshona nguo wa mtaa wa Nyuma ya Ghala, alikuwa na binti mmoja, Siwema. Mwaka uliopita mkono wa Siwema ulikwama kabla ya kufika sikioni, ukabakiza upana wa kidole. Afisa alipima pengo hilo kwa rula, akaandika "Kichwa kikubwa", akamrudisha. Sare ya shule ambayo Kombo alikuwa ameshamshonea ikaning'inia ukutani mwaka mzima, na mama yake, Riziki, akawa anaishusha pindo kila mtoto alipoongezeka kimo.

Mwaka huu mkono ulifika. Ulifika sawasawa, ncha ya kidole kwenye ncha ya sikio, wala haukuzidi. Hilo ndilo lililomtia Kombo kiwewe. Kila asubuhi alivuta futi yake ya kushonea akampima mtoto, huku akiomba Mungu mkono usirefuke kabla ya siku ya andikisho. Mwaka huu ukimpita, mwakani Siwema angekuwa ameshazeeka, na shule angeisikia kwenye redio tu.

Na mtoto mwenyewe alivyoitaka hiyo shule! Siwema mdomo wake haukufungwa. Alikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa akiuliza: Kuku akilala anaota nini? Kwa nini kivuli hakivai nguo? Nani alimwambia Jumatatu itangulie Jumanne? Kombo alijibu alichokijua, na asichokijua alisema, "Hilo utamuuliza mwalimu." Kwa hiyo mtoto alikuwa na akiba kubwa sana ya maswali ya mwalimu.

*

Siku ya andikisho Kombo alifika ofisi ya kata na mapema, akakuta foleni ndefu ya mawe.

Hapa sharti nieleze. Watu wa nchi ile hawasimami kwenye foleni. Ofisi zao hufunguliwa afisa akifika, na afisa hufika akifika. Kwa hiyo mtu huweka jiwe mahali pake, akaenda zake kwenye shughuli, akarudi mambo yakianza. Kumsukuma mtu kwenye foleni ni jambo la kawaida kabisa kule, mtu husukumwa akasonya yakaisha. Lakini kusogeza jiwe la mwenzako ni uhuni ambao hata wezi wanaukataa.

Jiwe la Siwema alilichagua Siwema mwenyewe pale kwenye reli. Lilikuwa la mviringo, jeusi, lenye mstari mweupe katikati kama mkanda. Kombo akatoa chaki yake ya kuchoria vitambaa, akaandika juu yake SIWEMA KOMBO, kama walivyoandika wazazi wote majina ya watoto wao, ili mawe yasichanganywe. Siwema akaliinamia.

"Usiogope," akaliambia. "Tunarudi sasa hivi."

Ndipo likatokea gari la vipaza sauti. Wazazi wote walitakiwa uwanjani kumsikiliza Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Masikio na Ustawi wa Mtoto, aliyekuja kuwahimiza wazazi waende ofisi ya kata wakaandikishe watoto. Kuhudhuria ni hiari, lilisema gari, na asiyehudhuria atakamatwa.

"Sasa tukiondoka hapa, nani ataandikisha?" Kombo aliuliza.

Afisa Andikisho, Bwana Nguluko, alikuwa ndiyo kwanza anafungua dirisha lake. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, aliyezoea kutazama karatasi hata pasipokuwa na karatasi. "Nendeni tu, ndugu zangu," alisema. "Mawe si yapo?"

Wakaenda. Waziri akapanda jukwaani chini ya turubai, wananchi wakakaa juani.

"Wazazi wenzangu!" alisema Waziri. "Nimesikitishwa. Nimeambiwa wapo wazazi ambao saa hizi, badala ya kuwa kwenye foleni ya kuandikisha watoto, wanazurura. Wengine wanakaa viwanjani kutwa nzima! Nauliza, mzazi wa namna hii ana uchungu na mtoto wake?"

"Hanaaa!" wakajibu wazazi.

Aliwakemea hivyo hivyo mpaka jua likawa utosini, akaingia garini, akaenda kula. Wakati huo huo makao makuu walikuwa wamempigia simu Bwana Nguluko kwamba Waziri anataka akishanawa mikono asomewe takwimu za kata ile, na takwimu zenyewe ziwe za asilimia mia moja.

Wazazi waliporudi mbio walikuta dirisha limefungwa. Foleni haikuwepo. Vilibaki vishimo vidogo vidogo kwenye vumbi mahali mawe yalipokaa, na karatasi mlangoni iliyosema andikisho limekamilika na serikali inawashukuru wazazi kwa ushirikiano.

*

Kesho yake Kombo alirudi na Siwema mkononi, akagonga dirisha.

"Siwema Kombo," alisema Bwana Nguluko, akipitisha kidole kwenye daftari. "Yumo. Hongera sana, Fundi. Kijana mtulivu sana yule."

"Siwema ni huyu hapa, Mheshimiwa."

Afisa akainua macho kidogo, akayarudisha. "Huyu sijawahi kumwona. Aliyekuwa kwenye foleni ni mwingine."

"Lile lilikuwa jiwe!"

"Fundi," alisema Bwana Nguluko kwa upole, "tusibaguane kwa maumbile."

Kombo akashika fremu ya dirisha. "Na sikio je? Jiwe liligusaje sikio?"

"Swali zuri. Kanuni inasema atakayeshindwa kugusa sikio arudishwe. Yule hana sikio. Sasa asiye na sikio atashindwaje kuligusa? Nilipiga simu Kurugenzi, wakakaa kikao. Wamesema hawana pingamizi."

"Basi mfute yule, muandike huyu. Jina ni lile lile, hata wino hautapotea."

Afisa akavua miwani. Mara hii alimtazama kweli, na kwa huruma. "Unataka nimtoe mwanafunzi shuleni? Huo ni utoro, Fundi. Mzazi anayekatisha masomo ya mtoto anafungwa. Nimekuheshimu, sikusikia ulichosema."

"Baba," Siwema akauliza, "kwa nini baba huyu anakwambia hakusikia na wakati anajibu?"

"Na huyo," alisema Bwana Nguluko, akivaa miwani yake, "anaongea sana. Hata angekuwa kwenye foleni sidhani kama angefaa."

*

Kombo hakukata tamaa. Wiki chache baada ya shule kufunguliwa alimvalisha Siwema sare, akaenda naye shuleni kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Zamzamu, mama mtu mzima ambaye mikono yake haikuwahi kutoka chaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Karibuni. Tuongee taratibu, kuna darasa."

Kupitia dirishani Kombo aliona madawati yamepangwa vizuri, na juu ya kila dawati jiwe. Mengine yalikuwa makubwa, mengine madogo, moja lilikuwa tofali. Ubaoni paliandikwa a e i o u. La Siwema lilikuwa dawati la mbele, na chaki ya jina lake bado haijafutika.

"Sikufichi," alisema Mwalimu Zamzamu. "Lori liliponishushia mawe yale nilikaa chini nikalia. Nikaandika barua wilayani. Wakanijibu kwamba walimu wengine wana watoto mia kwenye darasa moja na hawalalamiki. Basi nikaanza kufundisha. Fundi, hawachelewi. Hawaumwi. Hakuna anayerudishwa nyumbani kwa kukosa viatu. Uji unaletwa na haunywewi. Wakaguzi wamekuja, wamekagua, wametupa nyota ya nidhamu. Juzi nilijikuta nimeliambia moja 'vizuri sana'." Akafuta macho kwa mkono wenye chaki. "Ndipo nikajua nimefika pabaya."

"Nisaidie, mwalimu. Mkono wake umefika sikioni. Mwakani hana tena nafasi."

Mwalimu alimtazama Siwema, na Siwema alikuwa anautazama ubao kwa macho ya mtu mwenye njaa anayeona sufuria.

"Chukua jiwe, uniachie mtoto," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Lakini sikiliza. Wakaguzi huja bila taarifa. Ikijulikana kwamba kuna mtoto darasani, mimi sina kazi, wewe umefungwa. Kwa hiyo asiongee. Asicheke. Asinyooshe mkono. Akae kama alivyokuwa akikaa yule."

Kombo akachuchumaa mbele ya binti yake. "Ni mchezo, mama. Ukipita lango unakuwa jiwe. Ukitoka unakuwa Siwema."

"Na nikitaka kuuliza?"

"Swali utaliweka. Uje uniulize mimi nyumbani."

Siwema akafikiri. "Sawa," akasema, na hilo ndilo neno lake la mwisho kutamkwa ndani ya shule ile.

*

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Jiwe lilikaa nyumbani juu ya meza ya kukatia, likishikilia vitambaa visipeperuke, na kila jioni Siwema aliingia mlangoni na maswali ya kutwa nzima yakamwagika kama mchele gunia likipasuka. Kombo alisimamisha cherehani akajibu mpaka sauti ikamkauka.

Baadaye maswali yakapungua. Kombo alifikiri mtoto anakua. Cherehani ina kelele, na mtu aliye kwenye cherehani ni wa mwisho kujua kwamba nyumba imenyamaza.

"Unasikia?" Riziki alimuuliza jioni moja.

Kombo akatega sikio. "Mbona sisikii kitu?"

"Ndicho ninachokwambia."

Siwema alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono magotini, anatazama mbele. Hapo alikaa tangu aliporudi. Akiwekewa chakula alikula, asipowekewa hakuuliza. Paka alipita juu ya miguu yake, yule paka ambaye zamani alikuwa akihojiwa kutwa.

"Siwema," Kombo aliita. "Leo umejifunza nini?"

Kimya.

"Kuku akilala anaota nini, mama? Eh? Umeshapata jibu?"

Mtoto alimtazama kwa adabu, akasubiri amalize.

"Mtoe," alisema Riziki. "Mume wangu, mtoe mtoto wangu mule."

"Nimpeleke wapi? Jana nimempima. Mkono umefika kwenye ndewe. Akitoka pale ndiyo basi tena, hatasoma milele."

"Na humu ndani anasoma nini?"

Kombo akarudi kwenye cherehani, akashona suruali ya mtu miguu yote miwili pamoja. Riziki aliingia chumbani akafunga mlango, akalia kwa sauti, akitaka asikike.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya pongezi. Siwema Kombo, wa mtaa wa Nyuma ya Ghala, ametangazwa Mwanafunzi Bora wa Taifa. Hajawahi kuchelewa. Hajawahi kusumbua. Tangu aandikishwe hajauliza swali hata moja. Mheshimiwa Waziri angekuja mwenyewe kumtunuku.

*

Siku ya sherehe turubai lilikuwa mahali pake na jua mahali pake. Mawe ya darasa la kwanza yalipangwa mstari wa mbele, yamefungwa utepe wa rangi za taifa. Siwema alikaa katikati yao, sare imepigwa pasi, na kusema kweli, ukiwa mbali usingemtambua. Mwalimu Zamzamu alisimama nyuma, hatazami mtu. Kombo alikuja na mfuko mzito begani. Askari wa mlangoni aliuchungulia, akaona jiwe, akajua ni mwanafunzi, akampitisha.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "tulipoingia madarakani shule zetu zilikuwa na kelele. Watoto walikuwa wanauliza hiki, wanauliza kile. Mtoto anayeuliza ni mtoto ambaye hajaelewa! Leo nchi jirani zinatuma wataalamu kuja kujifunza kwetu. Wanauliza, mmewezaje? Sisi tunawajibu kwa mfano wa wanafunzi wetu: hatuwajibu."

Makofi yakapigwa. Waziri akamshika Siwema mkono akamsimamisha jukwaani.

"Haya, mwanangu. Waambie wananchi. Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?"

Siwema akatazama mbele.

Waziri akasubiri. Wananchi wakasubiri. Kombo, kule nyuma, alijikuta naye anasubiri, meno yameumana, akiomba neno moja tu, hata la matusi. Midomo ya mtoto haikusogea.

"Mnaona?" Waziri alipaza sauti kwa furaha. "Huyu atafika mbali!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Ndipo Kombo alipojisikia miguu inakwenda. Hakukumbuka kuiamuru. Alipita katikati ya wageni waalikwa, akapanda jukwaani, akafungua mfuko, akaliweka jiwe lenye mkanda mweupe miguuni pa Waziri.

"Mheshimiwa," alisema, "Siwema wenu ni huyu. Mimi nimekuja kumchukua wangu."

Waziri alimtazama mtoto, akalitazama jiwe, akamtazama tena mtoto. Bwana Nguluko akasogea haraka na daftari lake, akamnong'oneza kwamba jina lililo kwenye jiwe ndilo lililo kwenye daftari. Waziri akapumua. Akainama, akalivalisha jiwe nishani, akapigwa picha nalo. Bendi ikapiga. Utoro haukuwepo, kwa sababu mwanafunzi alikuwa palepale, na sherehe ikaendelea bila dosari.

Kombo alimbeba Siwema mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Walipita lango la shule, mtoto kimya. Walipita soko, kimya. Kombo aliongea peke yake njia nzima, akimwonyesha hiki na kile, na machozi yalikuwa yanamtoka bila haya mbele ya watu wanaomfahamu, akijua kwamba ile ndewe imeshaamua na shule ndiyo imekwisha. Walipofika kwenye reli, pale walipoliokota jiwe, alihisi kitu kinasogea karibu na shingo yake.

"Baba."

"Naam! Naam, mama!"

"Lile jiwe litaogopa likiwa peke yake?"

Kombo alikaa chini palepale kwenye mataruma ya reli. "Sijui," alisema. "Wallahi sijui, mama. Niulize lingine."

Akamuuliza lingine. Akamuuliza lingine tena. Walifika nyumbani jioni, na Riziki aliwasikia kabla hajawaona.

*

Mwaka uliofuata, siku ya andikisho, Kombo alikwenda ofisi ya kata bila jiwe, ingawa kwa hesabu ya ndewe Siwema alikuwa ameshazeeka. Alimshika Siwema mkono akasimama naye, kwa miguu yao wenyewe, mahali pa kwanza. Gari la vipaza sauti likapita, hawakusogea. Mama mmoja alifika na jiwe lake na mwanawe, akamtazama Kombo, akalitazama jiwe, akalitupa mtaroni, akasimama nyuma yake. Akaja mwingine. Wakaja pia wale wazazi ambao majina ya watoto wao yalikuwa yameshapanda darasa la pili, wakiwa wamewashika wenye majina. Waliambizana habari, walikohoa, walichekana, watoto walivutana mashati, na foleni ikafika barabarani.

Bwana Nguluko akafungua dirisha. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatafuta chini kwenye vumbi.

"Ajabu," alisema. "Mwaka huu foleni haipo. Sioni kitu hapa."

Siwema akajivuta juu kwa vidole vya miguu mpaka pua yake ikawa juu ya kizingiti cha dirisha.

"Kwani sisi ni nini?" akauliza.

Bwana Nguluko alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alifungua daftari, akalifunga. Kisha alivuta dirisha taratibu, akasema hilo ni suala la kisera na inabidi aulize makao makuu. Wazazi wakamwambia aulize tu, wao wapo. Mpaka mimi naondoka nchi ile jibu lilikuwa halijatoka, na wao walikuwa bado wamesimama.